Madume Sita wa Woodbridge

Kamali, kiongozi wetu, aliikata hesabu yangu kwenye fomu kwa kalamu mbele ya macho yangu. Tulikuwa ukingoni mwa mto Potomac, mjini Woodbridge, huku ughaibuni, tukihesabu bata wazamiaji wanaokuja wakati wa baridi. Niliandika madume sita, waliozaliwa kiangazi kilichopita. Yeye akaandika majike.

"Mama Fredy, wa kahawia wote ni majike. Haya mambo nimeyasomea."

"Mimi niliishia la saba. Lakini siku kumi na moja nimesimama hapa kila asubuhi kwenye baridi, wewe ulikuwa wapi? Jike ana weupe shinani mwa mdomo. Hawa hawana, na migongo imeanza kuota kijivu."

"Ni mwanga tu huo, mama. Tia sahihi twende tukanywe chai."

Nitie sahihi uongo, halafu Jumapili nikapige magoti? Nilimshika bega nikamsogeza kwenye darubini. Bata mmoja alizama, akaibuka, akatugeuzia mgongo. Kijivu kile kikaonekana wazi.

Kamali aliondoa jicho kwenye darubini. Kisha akasema, "Basi, nitarekebisha nyumbani."

"Hapa hapa," nikamwambia, "na kwa mkono wako."

Nikamshikia fomu mpaka akaandika madume sita.