Bei ya Miguu ya Flaviano

Elmor alimbeba Flaviano mgongoni tangu nyumbani kwake. Walipofika gatini, Flaviano akaomba wasimame kidogo, akatoa kipande cha muhogo kilichofungwa kwenye jani, akakitupa majini. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu miguu ife.

"Haya, kaka, twende. Bibi keshakula."

Bibi huyo ni Liwa Mairin, mwenye bahari na vyote vilivyomo. Watu wa Kaukira waliwatazama wakipita, wakamsifu Elmor: wakala gani mwingine wa boti za kambakoche humbeba mzamiaji aliyelemaa? Sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Katika ukumbi wa kanisa alikuwa akiwangoja wakili Ondina, aliyetoka mjini La Ceiba kuja kukadiria madai ya Flaviano dhidi ya mwenye boti. Wakili hakujua Kimiskito, na Kihispania cha Flaviano kiliishia kwenye salamu na bei ya kambakoche. Ikabidi Elmor awe mkalimani. Fisi kakabidhiwa bucha, basi.

"Muulize alizama mara ngapi siku ile."

"Mitungi ya hewa kumi na mitatu," Flaviano alijibu kwa majivuno, na Elmor akatafsiri.

"Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye bei," wakili alisema. "Kama maumivu yalimwanza baada ya kazi, na hakuna aliyejua, nitadai lempira elfu arobaini, na hata hizo ni za kupigania. Lakini kama aliumwa mapema, mtu akajua na bado akamrudisha chini, nadai miguu yote miwili na kazi ya maisha yake. Laki nane. Muulize."

Elmor akamuuliza. Flaviano akacheka.

"Mwambie mama asihangaike bure. Bega liliniuma tangu mtungi wa kumi, lakini simlaumu mtu. Liwa ndiye kanipiga, nilimchukulia kambakoche wake kupita kiasi. Si wewe mwenyewe uliyeniambia, kaka?"

Ndiye. Siku ile Flaviano alipanda botini kashika bega, na Elmor alijua mara moja kuwa ni ule ugonjwa wa hewa unaolemaza wazamiaji. Alishawaona watano wakianza hivyohivyo. Alijua pia kwamba kumrudisha pwani kwenye chumba cha hewa cha kutibu wazamiaji kungewapotezea siku mbili za uvuvi, na wakala hulipwa kwa kilo. Akampa kikombe cha ramu. "Liwa huyo anakutania," akamwambia. "Shuka tena, ukimwogopa ndiyo atazidi." Flaviano akashuka mara tatu zaidi. Hakusimama tena mpaka leo.

"Anasemaje?" wakili aliuliza.

Uongo ulikuwa tayari ulimini: hakuna aliyejua. Nani angembishia? Flaviano, asiyeweza kukaa wima peke yake, alikuwa amemwegemea, mkono begani mwake, akimtazama kwa imani yote. Elmor alijichukia.

"Anasema bega lilimuuma tangu mtungi wa kumi," alisema. "Wakala alimwona. Akampa ramu, akamrudisha majini."

"Wakala gani?"

"Elmor Lacuth."

Kalamu ikasimama. "Si wewe huyo?"

"Ni mimi."

Flaviano alilisikia jina. "We, mbona unajitaja? Umemwambia nini?"

Elmor akamgeukia, akamwambia kwa Kimiskito, "Nimemwambia Liwa hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Nilijua ni ugonjwa wa hewa, nikakurudisha chini."

Flaviano hakutukana. Aliuondoa mkono wake begani mwa Elmor, akaung'ang'ania ukingo wa benchi asianguke.

"Miezi minane," alisema, "natupa majini chakula cha wanangu. Nilikuwa namwomba nani msamaha, Elmor?"