Shika Mpira, Shemeji

...tulia, anasema, tulia shemeji, maji bado yanacheza, na mimi nimetulia, nimetulia kadiri anavyoweza kutulia mtu aliyechuchumaa juu ya udongo alioufukua mwenyewe, mkono mmoja umebana ncha ya mpira kwenye kigingi, na ng'ambo ya shimo, karibu tu, maana ua wenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kaka wa mke wangu amebana ncha ya pili kwenye kigingi chake, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, umejaa maji, umelala kwenye shimo kama utumbo, tunangoja maji ya kwangu na maji ya kwake yasimame sawa ndipo tuchore alama, kwa sababu ukingo wa bwawa usipokuwa sawa, anasema, maji yatalalia upande mmoja, upande wa pili plastiki ya kutandika bwawa itabaki nje inaungua jua, na wageni watadhani bwawa limelewa, yeye ni fundi mwashi, anajua, mimi ni fundi wa friji, maji ninayoyajua ni yale yanayovuja chini ya mlango, lakini wageni gani, nani anataka wageni, ninachotaka kusikia ni kitu kimoja tu, dada yake anarudi au harudi, na hicho ndicho hakitamki, amekuja asubuhi na koleo begani kana kwamba hakuna aliyeondoka nyumba hii, amekunywa chai yangu, akauliza chai hii imepikwa na mtu au imepikwa na friji, tukacheka, mashemeji hatuna budi kucheka, na tangu hapo ni mpira, kigingi, kamba, mpira... umenyanyua, anasema, sijanyanyua, umenyanyua shemeji, maji yamepanda huku, na ni kweli, goti limeniuma nikalihamisha, mimi kukaa mahali pamoja sikuumbiwa, mama alikuwa akinilisha huku akinikimbiza na kijiko, na mke wangu aliniita Kiguu-na-njia tangu uchumba, wakati ule jina lilikuwa na sukari, sijui sukari iliisha lini, labda pale nilipopaka chumba cha wageni ukuta mmoja bluu nikaona banda la kuku ni muhimu zaidi, banda likapata kuta, paa halikupata, kuku wakaenda kutaga kwa jirani, na mlango wa jikoni hadi leo tunaufungua kwa bisibisi... na samaki, haya, samaki nilitangulia kuwanunua, aliingia bafuni na taulo begani akawakuta ndani ya pipa la maji ya kuoga, koi wanne, mmoja mweupe wa madoa mekundu akachomoza mdomo juu kama anayetaka kuomba radhi kwa niaba yangu, mke wangu akasimama pale, akasema, wewe umenunua abiria kabla ya basi, na alicheka, nakumbuka vizuri, alishika ukuta kwa kucheka, kwa hiyo si samaki, hawezi kuwa ameondoka kwa sababu ya samaki... toa kidole, anasema, nani, wewe, umeziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji yatatembeaje, natoa kidole, maji yanaruka juu, yanashuka, yanapanda tena, yana wasiwasi kunishinda, au ni mkono wangu, ni mkono wangu... si samaki, ni kamba ya nguo, nilichimba siku aliyokuwa kazini, nilitaka akirudi akute ajabu, nguzo ya kamba ilikuwa katikati ya njia nikaing'oa, mashuka yake nikayakunja kwenye beseni, kukunja kwenyewe ni kule kwangu, udongo ukaingia, naye akarudi ameshika viatu mkononi, kutwa nzima yuko mapokezi anawachekea watu asiowajua, akapitiliza uani kuanua nguo akakuta shimo na mimi ndani yake nimejaa tope hadi kwenye nyusi, akasema hukuniuliza, neno moja tu, hukuniuliza, na mimi, mdomo huu, mdomo huu ungekuwa friji ningekwisha kuuchomoa kwenye umeme, nikasema kwa utani, asiyekuwepo na lake halipo, hakucheka, akaingia ndani akapanga nguo kwenye begi taratibu, hakubamiza mlango, laiti angebamiza, mlango ukibamizwa unajua mtu ana hasira na hasira hupoa... asiyekuwepo na lake halipo, uongo mtupu, hayupo, na kanga yake iko nyuma ya mlango, kikombe chake kiko juu ya meza sithubutu kukiosha, hayupo na lake ndilo limejaa nyumba... nasikia shemeji anasema pampu, pampu itakaa kona ile, kina kisipungue kiuno maana samaki hawa wakikosa kina jua linawapika, naitikia, halafu anasema, sauti ileile ya pampu, jana dada aliniuliza habari zako, maji yanapanda, tulia basi, aliuliza nini, aliuliza kama siku hizi unakula umekaa, nikamwambia asubuhi ileile nilipita nikakukuta unakula mkate umesimama mlangoni, akasemaje, shemeji usinyanyue... ningemnyonga, kati ya maswali yote ya dunia hii mtu anauliza kama nakula nimekaa, hakuuliza kama namkumbuka, hakuuliza bwawa limefika wapi, na bwawa ni lake, nalijenga kwa ajili yake, ni yeye aliyefurahi siku ile aliponisindikiza hospitali ya macho, kulikuwa na kidimbwi uani na samaki kama hawa, sikuwa nimemwona na furaha ile miaka mingi, nikajiapiza nitamjengea... simu inalia, kwenye mfuko wa shati lake, kitambaa kinawaka, anainamisha kidevu anachungulia, ndiye, anasema, ndiye dada, na mikono yake yote miwili iko kwenye mpira na kigingi, na shimo liko kati yetu, naweza kuliruka, naweza kuupachua huo mfuko pamoja na shati, ukiachia maji yanamwagika, anasema, tunaanza upya, na maji yakimwagika hayazoleki, ananitazama, anajua nitaruka, mimi mwenyewe najua nitaruka, miguu imekwisha kujikusanya... simu inalia, inalia, inanyamaza, na sijaruka, kwa nini sijaruka, mkono umekwama kwenye kigingi na kichwa kimekwama kule hospitali, kwa sababu nimekumbuka kitu, siku ile nilitiwa dawa machoni, ile ya kupanua mboni, daktari akasema usitembee hovyo, keti uone inavyofanya kazi, na sikuona kitu, dunia nzima ilikuwa ukungu, ndiyo maana nilikaa, ningeendaje, tulikaa benchi moja karibu na maji, yeye akawa ananisimulia, kuna mwekundu, kuna mmoja wa dhahabu mvivu kama wewe usivyo, akacheka, kisha akaacha kusimulia, kichwa chake kikaja begani kwangu, kikawa kizito, akalala, mke wangu alilala pale benchi mchana kweupe, watu wanapita, na alipoamka alisema, sikumbuki lini mara ya mwisho tulikaa hivi, nami nikasema ehee, kwa sababu dawa ilikuwa inaisha, macho yalikuwa yanafunguka, na kitu cha kwanza nilichokiona, Mungu wangu, kitu cha kwanza nilichogeuka kukiona ni samaki... hakuwa akiwatazama, alikuwa amelala, nimechimba ua mzima, nimeng'oa kamba yake, nimejaza pipa, kwa ajili ya samaki ambao yeye alilala wakipita... vipi huko, shemeji anauliza, naangalia mpira, maji yamesimama, hayapandi, hayashuki, yametulia, nasema, hapa pia, anasema, chora basi, na penseli iko sikioni kwangu, siichukui, goti linauma, nashusha makalio chini kwenye udongo, wenye maji, baridi inapenya suruali yote, chora shemeji, nasema sichori, sichori mpaka mwenye ua aulizwe, akipiga tena muulize anataka shimo hili liwe nini, akisema bwawa, bwawa, akisema fukia urudishe kamba yangu, nafukia leo hii, samaki nitawapeleka kulekule walikotoka, naye anacheka, anasema fundi friji leo kagandishwa, mimi sicheki, naogopa, akipiga mwambie pia nimekaa, nani, anauliza, mimi, mwambie umenikuta nimekaa, ananitazama, anasema shika mpira tu, nami nashika, maji yako palepale, simu haijalia, nimekaa.