Rudi Wiki Ijayo Nikutoe Nyuzi

Mimi si mtu wa kusifia watoto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu mtoto wa kaka yangu nimemlea kwa kauli hiyo tangu alipoletwa kwangu na begi moja, baba yake akiwa ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo mkinisikia namsifia leo, mjue nimejaribu kunyamaza nikashindwa.

Jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Alikulia chini ya meza yangu ya cherehani, kwenye kibanda changu cha ushonaji kando ya stendi ya malori, akipiga soga na vipande vya vitambaa utadhani ni majirani. Kazi yake ya kwanza hapa duniani ilikuwa kushika mkasi. Mimi nimeinama, jicho liko kwenye sindano, nanyoosha mkono pembeni bila kugeuka, nasema, "Mkasi," naye ananiwekea kiganjani, vishikio vikielekea kwangu. Hakuwahi kunichoma hata siku moja. Nikajipangia moyoni kwamba cherehani ile itakuja kuwa yake.

Yeye akaenda kusomea udaktari. Nilinuna wiki nzima, kisha nikamshonea koti jeupe, na mifuko nikaifunga mara mbili maana namjua anavyojaza makorokoro.

Mwaka huu mwalimu wao, daktari wa upasuaji, alikubali kuwachukua yeye na wenzake kwenye safari anayoifanya kila mwaka. Huvuka mpaka kwenda nchi ya jirani kuwashona watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Utaratibu wake ni mmoja: yeye anatafuta hospitali na madaktari, wanafunzi wanatafuta vingine vyote. Basi wanafunzi wale wakapita mlango kwa mlango wakiomba glovu, pamba, bandeji, mashuka, sabuni. Watu wakatoa. Chumba kizima chuoni kikajaa masanduku mpaka darini. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichokuwa kigumu: lori la kuyapeleka, pamoja na mashine ya usingizi waliyoazimwa, ambayo haiwezi kupakatwa kwenye basi.

Malori yanayovuka mpaka ule ni ya mtu mmoja. Hapa stendi tunamwita Mzee Breki, kwa sababu kila ombi likimfikia linasimama. Chiriku na wenzake walimwendea na makoti yao meupe, wamenyooka kama sare za gwaride.

"Niliwahi kuwapa vijana lori la msaada," akawaambia. "Wakaenda kupiga picha. Dereva wangu ndiye aliyeshusha mizigo. Nyinyi mnajua kufanya nini?"

"Tunajifunza kushona vidonda, mzee," Chiriku akasema.

"Mkishajua, njooni."

Kule ng'ambo, akina mama walikuwa wameshaitwa. Wengine walikuwa wameanza safari, watoto mgongoni. Mwalimu akawaambia bila kuficha kwamba lori lisipopatikana kabla mwezi haujaisha, atapeleka habari kule kuwa safari imevunjika, na akina mama wale warudi walikotoka. Mtoto wangu alirudi nyumbani siku hiyo amekaa kimya. Chiriku, kimya! Nikampima joto.

Kesho yake akazuka na wazo. "Shangazi, si tunajua kushona? Tutashona. Chochote kilichochanika. Mtu anatuletea begi bovu, anatuachia boksi la pamba la akiba. Na stendi nzima, pamoja na Mzee Breki, itaona tunajua kazi."

"Mtashonea wapi?"

Akanitazama kwa yale macho yake. Jumamosi wakapanga meza mbele ya kibanda changu, mlangoni kabisa. Mtoto nimemlea mwenyewe, ananifungulia duka la upinzani.

Jamani, nilicheka siku ile. Hawa watoto walikuwa wanashona begi kana kwamba lina presha. Kuna mmoja mrefu tuliyembandika jina la Mlingoti. Aliletewa mpira wa miguu uliopasuka, akaupaka spiriti kwanza asije akaambukizwa. Mwingine alishika kiatu cha mpiga debe akamwambia, "Utasikia maumivu kidogo." Na Chiriku wangu, mkono umevaa glovu, ameshika sindano iliyopinda kwa kikoleo kidogo: anachoma mara moja, anafunga fundo, anakata uzi. Anasogea kidogo, anachoma, anafunga, anakata. Kila mshono peke yake, umeachana na mwenzake, na vijimkia vya uzi vimesimama nje.

"Huo ni ushonaji au ni ua wa miti?" nikamuuliza. "Nimekufundisha hivyo mimi?"

"Hivi ndivyo tunavyoshona mwili, Shangazi."

"Begi halina mwili. Lete nikuonyeshe. Sikio halizidi kichwa, mwanangu."

Akacheka, akaendelea na ua wake.

Jua lilipoanza kukaza, nani akatokea? Mzee Breki mwenyewe, na utingo nyuma yake kabeba turubai la lori. Limechanika mahali pawili, na lori linaondoka alasiri. Alipita meza ya wanafunzi kama vile haipo, akaja moja kwa moja kwangu. Nikamwambia nina mikono miwili tu. Mpasuko mmoja nitauchukua, mwingine amwachie mtoto, la sivyo aondoke na tundu. Akaguna. Akakubali kwa shingo upande.

Mimi wangu niliupitisha kwenye cherehani nzito ya maturubai, trrr, mstari mmoja umenyooka, nikanawa mikono. Chiriku alikuwa hata hajafika nusu. Mzee anatembea huku na huko, anatazama saa, anatazama vile vifundo, anatikisa kichwa. Mtoto hakuharakisha. Alipokata uzi wa mwisho alivua glovu, akamtazama mzee usoni kwa upole wote aliofundishwa wodini, na akasema:

"Pole sana. Usipaloweshe maji, na urudi wiki ijayo nikutoe nyuzi."

Stendi nzima ikaangua kicheko. Utingo alikaa chini. Mlingoti mwenyewe alijificha nyuma ya boksi. Maneno ya mazoea yalikuwa yamemponyoka, na yalipokwisha kutoka hayakuwa na pa kurudi.

Mzee Breki hakucheka. "Turubai la lori lisipate maji," alisema. "Na hawa ndio wanaotaka niwape gari langu." Akamwashiria utingo, wakaenda zao.

Chiriku akaingia ndani ya kibanda, akakaa mahali pake pa zamani chini ya meza, na miguu yake mirefu ikatokeza nje. Analia. Si kwa sababu ya aibu, aliniambia, aibu angeimeza. "Shangazi, kuna wamama wako njiani."

Hapo damu ikanichemka. Nilitoka nje nikawakuta bado wanaigizana, nikutoe nyuzi, nikutoe nyuzi. Nikawapa vipande vyao. "Chekeni! Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku mtakayopasuliwa ninyi, mtamwita huyu huyu mama." Wakatawanyika. Lakini hasira haileti lori.

Wiki ile ilikwenda vibaya. Walibisha hodi kwa wenye pikapu, kwa wenye mabasi, hata kwa mtu wa matrekta. Mwalimu akasema Jumamosi jioni atapiga simu ng'ambo kuvunja safari. Jumamosi asubuhi Chiriku alikaa mlangoni pangu akihesabu glovu alizokwisha kuzihesabu, na wenzake wamemzunguka.

Lori likasimama mbele yetu. Mzee Breki akashuka. Utingo akashusha turubai na kulimwaga mbele ya kibanda, limetota, lina matope.

"Nimekuja kutolewa nyuzi," mzee akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Akaeleza kwamba walikutana na upepo na mvua mlimani, na mshono mmoja ukafunguka mwanzo hadi mwisho. Magunia matatu ya unga yakageuka uji humo humo kwenye lori.

Sikumngoja amalize. Nilisimama mbele ya mtoto wangu, mikono kiunoni. "Mzee, kama ni lawama nipe mimi! Kibanda ni changu, na aliyekwambia umwachie mtoto ni mimi. Huyu bado anajifunza. Na wewe mtu mzima, na nywele hizo, unakuja kumsimanga mtoto anayetafuta namna ya kusaidia watoto wa wenzake? Unga nitaulipa!"

Mzee aliniacha nikaishiwa pumzi. Kisha akasema taratibu, "Fundi, hebu tazama kwanza."

Nikatazama. Mshono uliofunguka ulikuwa umenyooka kama rula. Nilijua uzi ule, nilijua mkono ule. Ulikuwa wangu.

Na hatua chache kutoka hapo, kwenye turubai lile lile lililopigwa na upepo ule ule, ua wa miti wa Chiriku ulikuwa umesimama. Vifundo viwili vimekatika. Vilivyobaki vyote vimeshika, vijimkia juu, vinanitazama.

Nikapiga magoti kwenye matope mbele ya mshono wangu, jambo ambalo watu wa stendi wanalisimulia mpaka leo.

Chiriku akachuchumaa kando yangu. Hakusema kwa sauti; alisema kwa kiasi cha kunifikia mimi na mzee. "Si kosa lako, Shangazi. Sindano ya cherehani inatoboa matundu karibu karibu, kwa hiyo turubai likivutwa sana linachanika kwa kufuata mstari. Halafu uzi ni mmoja, ukikatika mahali, upepo unamalizia. Sisi tunafunga kila mshono peke yake ili mmoja ukikatika, kidonda chote kisifunguke. Mtoto akilia, mdomo unavutwa. Lazima ushike."

Mzee Breki alikuwa anapapasa vile vifundo kwa kidole gumba. "Kwa hiyo huko unakokwenda, wewe ndiye utakayewashona hao watoto?"

Nikajua hapo ndipo lori lilipo. Nilitaka kumfinya aseme ndiyo.

"Hapana, mzee," Chiriku akasema. "Anashona mwalimu. Mimi naosha, nashika, nakata nyuzi. Akiniruhusu, nafunga ule wa mwisho."

Mzee akacheka, kicheko ambacho hapa stendi hatukuwa tumewahi kukisikia. Utingo wake mwenyewe aligeuka kumwangalia. "Wale wa picha waliniambia wao ndio wanaofanya kila kitu," akasema. "Lori hili linavuka mpaka kesho asubuhi. Leteni masanduku yenu na hiyo mashine. Na mtashusha wenyewe."

"Tutashusha, mzee! Tutashusha, tutafagia na lori, tutaosha na—" Chiriku alikuwa amefunguliwa tena. Mlingoti alikuwa tayari anakimbilia chuoni, koti linapepea.

"Ila siondoki na turubai bovu," mzee akasema. "Mshono ule mwingine nao urudiwe." Akanitazama mimi, kwa heshima, maana kibanda ni changu na mshono ni wangu.

Ningeweza kuurudia. Nina uzi mzito kuliko ule, nina sindano nyingine, na maneno ya kujitetea sikosi. Lakini nilitazama kile kiti changu, kile ambacho hakuna makalio mengine yaliyowahi kukikalia tangu nilipokinunua, nikakivuta nje mpaka mbele ya turubai, nikakipangusa kwa khanga yangu.

"Kaa hapa," nikamwambia.

"Shangazi, mimi naweza kushona nimechuchumaa tu."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Akavaa glovu, nani angemzuia. Akashika kikoleo, akaanza: anachoma, anafunga. Watu wa stendi wakasogea, wale wale wa juzi, wapiga debe na wauza maji, safari hii wamenyamaza kama wako msikitini. Nami nikamwambia kila aliyesimama karibu, na wengine waliokuwa mbali nikawaita, "Mnamwona? Huyo ni wa kwangu. Huyo anakwenda ng'ambo kushona midomo ya watoto. Sikio limezidi kichwa, na kichwa kimefurahi, nani ana neno?" Sifa zote nilizombania tangu utotoni zilinitoka siku ile mbele ya kadamnasi, na kama atalitia tembo maji, basi alitie.

Yeye hakuwa ananisikia. Alikuwa ameinama, jicho liko kwenye sindano. Akafunga fundo la kwanza, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka.

"Mkasi," akasema.

Nikamwekea kiganjani, vishikio vikielekea kwake.