Siku Tatu za Kujikaza

Ting! Kitu kidogo kiligonga beseni la bati gizani, kabla hata majirani hawajaanza kukohoa. Ilikuwa pete. Mwenyewe alikuwa ameipaka sabuni na kuizungusha hadi kidole kikawaka moto, na sasa imetoka, imeacha mfereji mwekundu kwenye nyama iliyovimba. Alikaa ukingoni mwa kitanda na mimba yake ya miezi saba, akisubiri kichwa kiache kumgonga.

Kazini walimwita Mistari. Alipiga pasi nguo za mahoteli, na suruali aliyoinyoosha yeye, walisema, mstari wake ungeweza kukata mkate. Lakini kwa ukali wote wa mistari hiyo, mwaka wa pili huu alikuwa bado kibarua. Siku tatu mbele, msimamizi angetaja watu wanne wa kuajiriwa moja kwa moja, na alishasema hataki watu wa ruhusa ruhusa. Mume alikuwa mbali kwenye ujenzi. Kila alipopiga simu aliambiwa mambo ni shwari.

Aliyejua kwamba si shwari ni Shangazi, kama wote walivyomwita kazini, mama mtu mzima aliyekuwa akikunja mashuka meza ya pili. Jana yake alimwona Mistari amesimama anafikicha macho, pasi imelala juu ya shuka mpaka moshi ukapanda.  Shangazi aliinua pasi, akakunja lile shuka alama ya moto ikiwa ndani, akalisukuma chini kabisa ya rundo. Wakati wa chai ndipo akamwuliza miguu ile iliyovimba imekuwaje. Mistari akamtania kwamba mtoto ana kichwa kikubwa kama cha baba yake, ndiyo maana anavuta maji yote ya mwili kwenda miguuni. Shangazi hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "kazi hii ina watu wengi wa kuifanya. Huyo mtoto ana wewe peke yako."

Basi Mistari akakubali kupitia kliniki asubuhi kabla ya zamu. Moyoni alikwenda ili Shangazi anyamaze tu. Kadi iandikwe, yeye akajikaze kisabuni siku zake tatu, kisha atapumzika hata mwezi mzima. Binti yake wa miaka mitano alikwenda naye, maana hapakuwa na wa kumwachia.

Mkunga alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza upepo, akatazama. Akamwambia apumzike kidogo, akaujaza tena. Presha ilikuwa imepanda. Vifaa vya kupimia mkojo viliisha tangu juzi, akasema, kwa hiyo atamtegemea mama mwenyewe kwa majibu ya kweli.

"Presha kama hii kwenye mimba, pakiwa na kichwa kuuma au macho kufifia, sikurudishi nyumbani. Unakwenda hospitali leo leo. Kifafa cha mimba hakipigi hodi, kinaweza kuwachukua wote wawili. Haya, kichwa kinauma?"

"Hapana, dada. Ni ngazi zenu hizi, nimezipanda mbiombio."

"Macho je?"

"Naona vizuri. Hata mkono wa gauni lako naona aliyeupiga pasi kaupinda."

Mkunga akacheka, akavuta kadi karibu. Alisema atamwandikia arudi baada ya wiki moja, apunguze chumvi, alalie ubavu, asisimame kutwa. Mistari akaitikia kila neno kama mwanafunzi mwema. Chini ya mbavu, upande wa kulia, maumivu yalimbana mpaka jasho likamtoka, naye akazidi kutabasamu. Siku tatu tu. Alimwomba mtoto aliye tumboni amvumilie siku tatu tu, kisha akaona aibu kumwomba.

Kalamu iligusa kadi. Binti, aliyekuwa amesimama katikati ya magoti ya mama yake, aliinua uso akamtazama mkunga.

"Jana mama alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa mbele yake."