Mtani Mbele ya Jeneza

Mimi Mwantum sikufunga darasa langu, ingawa Jumbe Huseni aliniamuru, na alijua nimemsikia vizuri.

"Vita vya maji vimeshawaka Umatumbi, wewe umekaa uani unawasimulia watu wazima habari za mababu! Hadithi zinaliwa?"

"Na makelele yako yanaliwa?" nikamjibu. Kila alasiri, tukitwanga mpunga, niliendelea kufundisha hapa Mtunda: nani alitoka wapi, nani mtani wa nani, na kwa nini. Kijakazi, mke wa jumbe, alikatazwa kuja. Akaja.

Mwezi huohuo mama yake jumbe akafariki. Wanaume walipoinua jeneza, mgeni mmoja wa Kimatumbi, vumbi tupu, akajitupa chini mbele yao.

"Hatoki mtu hapa! Bibi huyu mchoyo, hata ukoko alikuwa anaficha! Nipeni kuku wangu kwanza!"

Lo! Vijana wakamrukia. Mpelelezi huyo, wakasema. Huseni, machozi yakimtoka, akaamuru afungwe kamba apelekwe kwa askari wa Wadachi, Wajerumani wale, kule Kibiti. Siku zile Mmatumbi akifikishwa kwao ananyongwa, haulizwi neno. Nikainuka niseme, Kijakazi akanitangulia.

"Mwacheni! We mgeni, mababu zetu walikutana wapi?"

"Kivukoni, mwaka wa njaa," akajibu, uso mchangani. "Sisi tuna chungu, ninyi mna mtama."

"Nani alilamba mwiko?"

"Babu yenu, yule mroho!"

"Mwongo! Babu yenu!" Kijakazi akamgeukia mumewe. "Mtani wetu huyu. Akizuia jeneza hapigwi, analishwa. Wala hatolewi kwa adui, mababu waliapa palepale kivukoni."

Huseni akachuchumaa kando ya mgeni. "Mama alinieleza habari hizi," akasema. "Sikumsikiliza."

Akamfungua yule mtu kwa mikono yake, akaagiza kuku akamatwe. Tamimu, ndilo jina lake, akabeba jeneza upande wa mbele huku akimsema marehemu njia nzima, na Huseni akacheka huku analia.

Kesho yake askari wakapita, bunduki mabegani, wanauliza kama kuna mgeni. Tamimu alikuwa uani kwangu, anakula.

"Mgeni?" Huseni akawatazama usoni. "Hapa hakuna mgeni."

Alasiri akaja darasani na mkeka wake kwapani.

"Kaa nyuma," nikamwambia. "Umechelewa."

Akakaa.