Skrubu ya Gari la Leonard

Fundi Kasimiri aliijua ile harufu kabla gari halijazimwa. Koili ya spika ikiungua hunuka kama nywele zilizochomwa, na harufu hiyo ilikuwa inatoka kwenye gari la Leonard, tajiri wa magodoro, gari ambalo fundi mwenyewe alilifungia muziki wiki iliyopita. Aliona kinyaa.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe na yeye na wenzake wapunguzwe, Kasimiri alikuwa akitengeneza redio kwenye baraza la Joyce, mshona nguo. Mvua ya milima ya Uluguru ikishuka, anakusanya spika za watu mbio mbio na kuzirundika chini ya cherehani. Hapo mjini Morogoro magari ya mtumba yalizidi kila mwezi, na kila aliyepata lake alitaka litikise madirisha ya majirani. Watu wazima na akili zao! Kasimiri aliwadharau, akawafungia hivyo hivyo, na akawafungia vizuri. Jina lake lilikuwa moja tu: spika za Kasimiri haziungui. Kwa jina hilo Leonard alimwahidi fremu ya duka kwenye jengo lake jipya karibu na soko, yenye mlango wa chuma, umeme wake, na paa lisilovuja.

Siri ya kutounguza ilikuwa kwenye skrubu moja ndogo ubavuni mwa amplifaya. Wajinga hudhani inaongeza sauti. Kazi yake ni kupatanisha amplifaya na redio, basi. Kwenye gari la Leonard, Kasimiri aliweka kaseti safi, akapandisha sauti ya redio hadi robo tatu, kisha akaizungusha skrubu taratibu kwa bisibisi mpaka sauti ya mwimbaji ikaanza kukwaruza. Hapo akarudisha nyuma kidogo, ikatulia. Skrubu haikufika hata nusu. Akaidondoshea rangi ya kucha ya Joyce, nyekundu, ili ikiguswa ijulikane.

"Mashine nimenunua nzima, wewe unanifungulia robo?" Leonard alilalamika siku ile.

"Bosi, iache hapo hapo. Ukiizidisha, sauti inachanika, na sauti iliyochanika ndiyo inayopika spika."

Sasa Leonard alishuka na shati lake la hariri, nyuma yake mzee mmoja wa kijiji cha Mlali mwenye kofia ya Jumapili. Huyo alikuwa Mzee Deogratias. Jana Leonard alikwenda kwake kumposea mdogo wake wa kiume binti wa mzee huyo, akafungulia muziki uani ili ukoo mzima ujue nani kaja. Spika zilipiga kelele ya bati, zikatoa moshi, zikanyamaza. Wakwe wakacheka.

"Shikamoo, mzee," alisema Kasimiri.

"Marahaba. Hebu tazama, mwanangu, maana huyu anasema wa kulaumiwa ni fundi."

Kasimiri alifungua buti. Rangi ya kucha ilikuwa imekwanguliwa kwa kitu chenye ncha, na skrubu imezungushwa hadi mwisho. Joyce naye alikuwa ameinuka kwenye cherehani, akachungulia, akaona. Alimtazama Kasimiri akisubiri aseme.

Leonard alikuwa ameshika ufunguo mpya wa ile fremu, anauzungusha kidoleni. Mikono yake ilinuka marashi na jasho. Kasimiri alitamani kumtemea mate kwenye viatu vyake vile vinavyong'aa.

"Sema, fundi," Mzee Deogratias alisisitiza. "Nani kaharibu?"

"Ni mimi, mzee," alisema Kasimiri. "Niliizidisha. Mkono uliteleza."

Joyce alirudi kukaa. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa hakuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Unaona, baba mkwe?" Leonard alichangamka. "Mafundi wetu ndio hao hao." Alimfungulia mzee mlango wa mbele, akamkalisha kwa adabu nyingi, akaufunga. Kisha akarudi nyuma ya gari, akainamia buti karibu na sikio la Kasimiri.

"Niliikwangua mwenyewe, kwa kisu cha kumenyea machungwa," alinong'ona huku anacheka. "Unadhani nimesahau onyo lako? Lakini mbele ya wakwe ningesema nini? Umefanya vizuri. Mpangaji wa namna yako ndiye ninayemtaka. Hata siku nyingine nikikuhitaji useme neno, nitajua pa kukupata."

Akamwekea ufunguo kiganjani, akaufunga ule mkono kwa vidole vyake vyenye marashi.

Kasimiri alijua kwamba akiurudisha sasa hivi, mzee bado yumo garini, atasikia yote. Ufunguo ulikuwa mzito na mpya, bado una mafuta ya dukani.

"Asante, bosi," alisema, na kilichomtia kinyaa kuliko vyote ni kwamba alikuwa anashukuru kweli.