Maziwa ya Datsun

Jumatano, siku ya soko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Igoki aliona kitu kinadondoka chini ya Datsun pikapu yake akasukuma karai pale. Alidhani ni oili. Alipolivuta karai akakuta ni maziwa, yana joto na povu juu. Akaonja kwa kidole, akarudi jikoni, akanawa mikono kwa maji moto, akaingia chini ya gari na mtungi. Pale chini ya gia boksi palikuwa na chuchu. Akazihesabu: mbili, si nne. Hilo lilimkera kidogo, lakini alikuwa na haraka, akakamua mpaka zikakauka.

Igoki alikuwa mjane wa Karurumo, muuza ndizi, na gari aliendesha mwenyewe, vibaya lakini kwa ujasiri. Wiki mbili zilizopita klachi ilikuwa imeungua mlimani akiwa amebeba mikungu arobaini. Vijana wakasukuma gari hadi Runyenjes, kwenye gereji ya Ndambiri.

Ndambiri alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Igoki hakujaliwa kuzaa. Alimchukua huyo akiwa na miaka minne, kamasi hadi kidevuni, akamlea kwa uji na maziwa mpaka akaota ndevu, kisha akamlipia karo ya ufundi. Ndiye mtoto aliyekuwa naye duniani, na ndiye aliyemtegemea amzike.

Kwa hivyo hakuuliza bei. Kwao, mtu aliyekula kwenye sufuria yako humuulizi bei. Ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watu. Wala hakuomba aonyeshwe pleti ya zamani iliyotolewa kwenye klachi, jambo ambalo hata mlevi hukumbuka kuomba.

Siku ya nne Ndambiri alimkabidhi ufunguo. "Tata," alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita dada ya mama, "nimekuwekea klachi mpya kabisa. Pleti, beringi, kila kitu. Imetoka Nairobi." Akataja pesa.

Igoki alipiga hesabu akaona hiyo ni Kairu mzima, kwato na mkia. Kairu alikuwa ng'ombe wake wa pekee, na alikuwa anakamuliwa. Bahati nzuri mnunuzi wa ng'ombe alikuwa papo hapo gereji, amekalia tairi, kamba mkononi. Kufika jioni Kairu alikuwa ameenda.

Basi Jumatano hiyo Igoki alipeleka maziwa kwenye ofisi ya chama cha maziwa, kama alivyozoea kupeleka ya Kairu. Karani wa kupima aliitwa Kithaka, mzaliwa wa kule chini Mbeere, ambako mtoto hujua mbuzi kabla hajamjua baba yake. Alitumbukiza kipimo, akanusa, akaonja, akatema.

"Mama, hii ni ya mbuzi."

"Ni ya gari," Igoki akasema.

"Ya gari ni sawa. Nasema gari yako inatoa ya mbuzi. Sisi hapa tunapokea ya ng'ombe."

"Yangu ni Peugeot," mzee mmoja akanung'unika kwenye foleni, "na haijawahi kutoa hata ya chai."

"Imeanza lini?" akauliza Veronicah, jirani yake Igoki, mwanamke asiyepitwa na jambo.

"Leo, baada ya kuuza Kairu nikaweka klachi."

Veronicah akaweka mtungi wake chini. "Kwa hivyo ulitoa ng'ombe, ukawekewa mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Kithaka akajifanya anaandika. Igoki alifunika mtungi wake, akaukaza kifuniko kuliko ilivyohitajika, akatoka.

Alimkuta Ndambiri chini ya Land Rover, miguu tu ndiyo inaonekana. Viatu vilikuwa vipya. Akaongea na viatu.

"Ndambiri, gari inatoa maziwa."

"Hiyo ni injini nzuri, Tata. Zingine zinatoa moshi."

"Ni ya mbuzi."

Viatu vikatulia. Kisha mkono ukatokea, mweusi kwa grisi. Igoki akamimina maziwa kwenye kifuniko cha mtungi akampa. Yakanywewa huko chini.

"Ni matamu. Hata daktari huagiza ya mbuzi kwa watoto."

"Kule ndani uliweka nini?"

"Klachi, Tata."

"Mpya?"

"Ile pleti ya zamani niliipiga raba mpya. Bitana yote mpya. Ikishapata bitana mpya, si ni mpya?"

Igoki aliijua kazi ya bitana. Marehemu mumewe alifanyiwa hiyo mwaka wa ukame, akalipa beberu mmoja na soda.

"Nimekulea, Ndambiri."

"Najua, Tata," viatu vikasema, kwa upole kabisa. "Ndiyo maana nilikupunguzia."

Igoki alitaka kuvipiga vile viatu teke, lakini ndani yake mlikuwa na miguu aliyoitoa funza kwa sindano, kidole kimoja kimoja. Akawasha gari. Alipokanyaga klachi, Datsun ikalia mee, mtu wa kuuza viazi kando ya barabara akaipungia mkono ivuke kama mbuzi, ikaondoka.

Ilizoeleka. Asubuhi vikombe viwili, jioni kimoja na nusu. Wakati wa mvua, nyasi zikiwa nzuri, iliongeza kidogo.

Krismasi Ndambiri alikuja na mkewe, kama kila mwaka, na mkate wa sukari. Igoki akapika chai nzito kwa maziwa ya Datsun. Alimmiminia, kisha akaketi mbele yake aone kama ataona haya. Ndambiri alikunywa, akasifu, akaomba kingine, akawaombea wote heri ya mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba.

Wakati wa kwenda alisimama kando ya Datsun, akaligonga gurudumu kwa kiatu.

"Tata, hizi breki sizipendi. Niletee Jumatatu."

Igoki aligeuka akatazama uani. Walikuwa wamebaki kuku saba.

Jumatatu alimpelekea gari, na nyuma kuku watatu wa kulipia breki, wamefungwa miguu.